Mjomba Aliyelima Usiku

Tangu nirudi mmenizunguka pale kwa muuza chapati, kila mmoja na habari yake. Mmoja amesikia nimeleta mchawi nyumbani kwa mama yangu. Mwingine amesikia nilimtorosha mzee kipofu hospitalini. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku chai ikipoa, kwa hiyo nimeamua kuandika yote mara moja. Shule niliiacha mapema, mnajua. Mkikuta maneno yamepinda, yanyoosheni wenyewe.

Kwa kipimo cha gari hii ni safari fupi. Mtu akitoka Aroi asubuhi, chakula cha mchana anakula Koboko. Sisi ilituchukua siku kadhaa, na kwa mmoja wetu sijui kama imekwisha.

Kwenda Aroi

Nilikuwa nimetoka Ariwara, upande wa Kongo, ambako nilibeba magunia mpaka nikachoka hata kuyatazama. Nilifika nyumbani Dranya bila kutangulia kuwaambia, kama kawaida yangu. Mama hakuniuliza kama nimekula. Aliniambia, kabla sijaketi, kwamba kaka yake anafukuzwa.

Mama yangu ni Mlugbara wa Aroi. Baba alikuwa Mkakwa, na tangu afariki sisi tunaishi katika boma la kaka yake mkubwa, Baba Mkubwa Lasuba. Mjomba Ezati ndiye kaka pekee wa mama wa tumbo moja. Wale wengine kule Aroi wamechangia baba tu. Walikuwa wamempa muda mpaka siku ya soko aondoke. Baada ya hapo wangechoma nyumba yake.

"Akiwa ndani au akiwa nje?" nikauliza.

"Hawakusema."

"Amefanya nini?"

Mama alitazama mlango wa Baba Mkubwa kwanza, kisha akajibu polepole. "Analima usiku."

Ninyi mmezaliwa huku, hamhitaji kuelezwa. Mtu anayekutwa mashambani usiku, kimya, bila taa, ana jina moja tu, na jina hilo likishamshika hakuna anayekaa chini kumuuliza sababu. Wengine wamepigwa mpaka kufa kwa ajili yake.

Mjomba hakuwa na pa kwenda ila kwa dada yake. Na hapo napo palikuwa na mwiba, maana mwanaume kuhamia katika boma alikoolewa dada yake ni aibu hata kama hajaitwa mchawi. Nilikwenda kwa Baba Mkubwa. Alikuwa anachonga mpini wa jembe.

"Lete yeye," alisema. "Lakini mimi hapana sema atakaa. Nitamwona kwanza na macho yangu."

Nilifika Aroi jua likiwa kichwani. Nyumba ya Mjomba iko pembeni, karibu na shamba. Mlango ulikuwa wazi, naye alikuwa amelala juu ya mkeka, mdomo wazi, jua limemwangukia miguuni, na kuku anatembea juu ya mkeka huohuo. Mke wa mdogo wake alikuwa anabambua karanga kivulini. Hakuinua kichwa.

"Acha yeye. Mchana iko usiku yake."

"Anakula saa ngapi?"

"Mimi hapana jua. Mimi hapana funika chakula ya mutu kama hii tena."

Hilo lilinigusa kuliko habari ya kuchoma nyumba. Kwetu, mtu asipokuwapo wakati wa chakula, sehemu yake inawekwa chini ya bakuli na kungoja. Mimi nimezurura miaka mingi, na najua mama alifunika chakula changu siku nyingi ambazo nilikuwa nchi nyingine kabisa. Kuacha kumfunikia mtu ni kumwambia kwamba hakuna anayemngoja.

Mdogo wake alinipeleka shambani ili nione ushahidi. Mistari ya karanga ilikuwa imenyooka kuliko yote niliyowahi kuona. Mwishoni mwa mstari kulikuwa na vijiti viwili na kamba imefungwa katikati, ya kunyooshea mstari.

"Ona," alisema.

"Naona shamba zuri."

"Ona kamba. Mutu hapana macho, tena usiku, analima namna hii. Nani nashika mkono yake?"

"Zamani alilimaje, mchana?"

"Na kamba hiyohiyo."

"Basi?"

"Basi mchana sisi tulikuwa tunamwona."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Kamba ilikuwa ileile, mikono ileile, na mistari ileile. Kilichobadilika ni kwamba wao walikuwa wamelala.

Mjomba aliamka wakati wanawake wanawasha moto wa jioni. Alitoka nje akijinyoosha, akanawa uso, akasalimia boma zima salamu ya asubuhi. Hakuna aliyeitikia. Nilimwendea nikamwambia mimi ni mtoto wa Candiru, dada yake. Aliupapasa uso wangu kwa vidole.

"Wewe amekonda. Koboko hapana chakula?"

"Kipo, Mjomba. Mimi ndiye sipo."

Alicheka kidogo. Kisha akasikia moto, akasikia mbuzi wanafungwa, na kicheko kikaisha.

"Sasa iko jioni," alisema.

"Ndiyo."

"Tena."

Alipoteza kuona akiwa kijana, kwa sababu ya wale nzi weusi wa mtoni waliowapofusha wengi wa rika lake. Tangu hapo aliishi miaka mingi bila shida ya usingizi. Ndiye aliyekuwa anaamka kwanza na kuwaamsha wengine. Mwaka jana macho yalianza kumuuma, kama mtu anayesokota msumari ndani ya kichwa, alisema. Dawa zikashindwa. Hospitalini wakayatoa yote mawili, na maumivu yakaisha siku ileile. Kope zake sasa zimefungwa na kuingia ndani, kama za mtu anayejaribu kukumbuka jambo.

Haya yalinipita masikioni tu, kama habari za zamani. Sikujua kwamba nimeshaambiwa kila kitu.

Aroi hadi Arua mjini

Tuliondoka asubuhi, jambo ambalo lilikuwa kosa langu, maana asubuhi ilikuwa saa yake ya kulala. Alibeba shuka, kikombe, na ile kamba pamoja na vijiti vyake. Vingine vyote aliviacha. Hakuna aliyetusindikiza.

Kwenye bodaboda nilimweka katikati. Hatukwenda mbali kabla kichwa chake hakijaangukia mgongo wa dereva. Dereva akasimama.

"Huyu amekufa?"

"Amelala."

"Mutu nalala hivi juu ya piki? Amekunywa nini?"

"Maji."

"Hata mimi nataka maji hiyo."

Nilimfunga Mjomba na kiuno changu kwa lile shuka. Nikamwambia dereva kwamba mmoja akianguka tutaanguka wote.

"Na piki yangu?" akauliza. Alienda polepole mpaka mjini, akiimba kwa sauti kubwa ili mzee asilale, na mzee akalala vizuri zaidi.

Mjini tulichukua chumba katika loji moja karibu na stendi ya malori. Mjomba alilala mpaka giza likaingia, na lori nililokuwa nimeahidiwa likaondoka bila sisi. Alipoamka nilimpa muhogo na maharage, nikamsihi asitoke nje ya ua, nami nikajilaza.

Sikulala. Nje ya dirisha kulikuwa na taa ya ulinzi, nyeupe, kali, ya aina ile inayofanya rangi za nguo zionekane kama za mgonjwa. Pazia halikuwapo. Nilitundika shati langu, mwanga ukapita pembeni. Basi nikachukua simu, nikatazama picha za watu wanaocheza mpira, na kila nilivyotazama ndivyo usingizi ulivyokimbia. Mwili ulikuwa umechoka lakini kitu ndani yake kilikataa kukubali kwamba ni usiku. Nilimsikia Mjomba nje akivuta fagio, taratibu, bila taabu. Niliona ajabu kwamba mwenye macho ndiye aliyesumbuliwa na taa.

Asubuhi mwenye loji aliniita. Ua ulikuwa umefagiliwa mpaka kwenye kona za choo. Mbele ya kila mlango viatu vya wageni vilikuwa vimepangwa viwiliviwili, visigino ukutani.

"Nani alishika viatu ya wageni yangu usiku?"

"Mimi," alisema Mjomba. "Nilijikwaa. Vilikuwa vinalala vibaya."

Mgeni mmoja, mwanaume mzima, alikataa kabisa kuvaa vyake. Alivishika kwa ncha za vidole akaondoka peku mpaka barabarani. Mwenye loji hakuwa mtu mbaya. Alinivuta kando akasema, nusu kwa utani, "Rudisha huyu mzee kule walitoa macho yake. Uliza wao walitoa nini ingine."

Alisema kunifukuza tu, lakini swali lake liliniingia. Mnanijua: swali likiniingia siwezi kupanda gari.

Kliniki ya macho

Tulikaa kwenye benchi kwa muda mrefu. Mjomba alikuwa mwishoni mwa siku yake, akijikaza asilale mbele ya watu. Tulipoingia, Sista, muuguzi wa macho, alitazama zile kope, akasema zimepona vizuri. Nilimwambia hatukuja kwa ajili ya kope. Nikamweleza habari ya kulima, kamba, viatu.

"Mzee, unalala vibaya kila siku?" akamuuliza.

"Hapana. Kuna wiki nalala vizuri kabisa, naamka na watu. Halafu inaanza kuteleza."

"Inateleza kwenda wapi? Unaanza kuamka mapema zaidi, au unachelewa?"

Mjomba aliinua uso kuelekea sauti yake. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Nachelewa. Kila siku kidogo. Mpaka nafika usiku. Halafu natoka upande wa pili, narudi asubuhi."

Sista aliweka kalamu mezani. Alituambia kwamba jicho lina kazi mbili. Ya kwanza ni kuona. Ya pili ni kuupelekea mwili habari kwamba kumekucha. Ndani ya mwili mna kitu kinachohesabu siku, kinachosema sasa lala, sasa amka, sasa sikia njaa. Kwa watu wengi hesabu yake inachelewa kidogo kuliko jua. Hatujui, kwa sababu kila asubuhi mwanga unaingia jichoni na kukisukuma mahali pake. Mtu anaweza kupoteza kazi ya kwanza, asione hata mkono wake, na ile ya pili ikabaki hai miaka na miaka.

"Ndiyo maana zamani ulikuwa unaamka wa kwanza, mzee. Macho yako yalikuwa hayaoni, lakini jua yalikuwa yanalijua."

Nikauliza kuhusu taa ya loji. Alitabasamu. "Wewe macho yako yaliambiwa jua bado liko juu, yakaamini. Na ile simu ikakazia."

Mjomba hakuwa anasikiliza habari za simu. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama askari, na aliwahi kuwa askari kweli, kabla ya kupofuka.

"Sista," alisema, "nilipokuja hapa nilisema toeni. Mimi mwenyewe. Nilisema haya ni macho ya bure, hayafanyi kazi."

"Ulikuwa na maumivu makali, mzee. Na yangekuletea mabaya zaidi. Ilikuwa lazima."

"Najua. Mimi hapana laumu mutu." Akapapasa kope zake kwa kidole kimoja, kwanza ya kulia, kisha ya kushoto. "Nilikuwa hapana jua kama yalikuwa nafanya kazi."

Nje mtoto alikuwa analia kwa sababu ya dawa ya matone, na mama yake anambembeleza kwa Kilugbara.

Sista alisema ukweli wake wote. Ipo dawa inayomezwa jioni, saa ileile kila siku, ambayo inawasaidia baadhi ya watu wa namna hii, lakini wao hawakuwa nayo, na asitufiche, si wote inawafaa. Kula na kufanya kazi kwa saa zilezile husaidia kidogo. Kwa wengine haisaidii. Nilimwomba aandike barua ya kumwonyesha Baba Mkubwa. Alinitazama akauliza kama mzee huyo anasoma. Nikasema hasomi. "Basi mwambie amwangalie," alisema. "Amwangalie muda mrefu. Mchana na usiku. Ataona mwenyewe."

Arua hadi Koboko

Mjomba alilala kutwa kwenye kibaraza cha kliniki, nami nikatafuta lori. Nilipata la Mama Keji, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini, aliyekuwa anapeleka vitunguu na magodoro. Tairi liliharibika, kisha jeki ikaharibika, kisha aliyekwenda kuazima jeki akakutana na shemeji yake. Tuliondoka giza limeshaingia. Mjomba ndiyo kwanza alikuwa ameamka. Tulikaa wanne mbele: dereva, Mama Keji, Mjomba, nami mlangoni.

Dereva alikuwa ametoka Kampala usiku uliopita, na mchana badala ya kulala alisimamia upakiaji. Mwanzoni alizungumza sana. Baadaye akanyamaza, nasi tukafurahia ukimya huo, maana alikuwa na hadithi mbaya. Mimi nilikuwa nasinzia.

"Dereva," alisema Mjomba, "wewe amelala."

"Mimi hapana lala."

"Mguu yako amelala. Gari inaongeza, inapunguza, na hapana kilima."

"Mzee kipofu iko nafundisha mimi barabara?"

"Simamisha," alisema Mama Keji.

"Mama, huyu—"

"Nimesema simamisha. Vitunguu yangu hapana haraka ya kufa."

Alisimamisha pembeni. Mama Keji alianza kumgombeza, lakini hakumaliza. Dereva alikuwa ameshaangusha kichwa kwenye usukani, anakoroma. Alikuwa analala macho wazi kwa maili nyingi, na kati yetu wenye macho hakuna aliyejua.

Tulikaa pale mpaka asubuhi. Mama Keji aliwasha moto nyuma ya lori, akapika samaki mkavu kwa karanga za kusagwa, na ugali wa muhogo. Mjomba alikula kama mtu wa mchana, kwa sababu kwake ulikuwa mchana. Aliosha vyombo bila kuombwa. Mama Keji alikuwa anamtazama.

"Wewe ndiyo yule ya Aroi?" aliuliza.

Habari zilikuwa zimetutangulia sokoni.

"Mimi," alisema Mjomba.

Mama Keji alisukuma kuni ndani ya moto. Nilidhani anafikiria namna ya kutuacha barabarani. Kisha akasema kwamba wakati wa kukimbia vita kwao walitembea usiku tu. Mchana walilala porini, watoto wamefunikwa majani, kwa sababu mchana bunduki zinaona. Mtoto wake mdogo alizoea mpaka walipofika kambini akawa anaamka usiku na kutaka watembee. Jirani mmoja alisema mtoto huyo ana kitu.

"Nilisema na yeye, ndiyo, iko na kitu. Iko na mama alimbeba usiku." Alimtazama Mjomba ingawa alijua haoni. "Usiku hapana ya wachawi peke yao. Kula samaki."

Koboko hadi Dranya

Koboko tulifika asubuhi, na kutoka hapo tulitembea, kwa sababu Mjomba alisema hataki kufika kwa shemeji zake akiwa amefungwa kwenye piki kama mbuzi wa mahari. Alishika bega langu. Jua lilikuwa upande wetu wa kulia. Mara kwa mara aligeuza uso kulielekea.

"Unalihisi?" nikauliza.

"Kwenye shavu. Najua iko asubuhi. Jogoo amesema, baridi amesema, wewe unasema." Alitembea hatua kadhaa. "Mimi najua. Mwili hapana jua."

Tuliwapita watu wanaokwenda shambani. Waliitikia salamu zetu na kuendelea. Nilikuwa ninapanga maneno nitakayomwambia Baba Mkubwa, na nilipofika yote yalikuwa yamepangika vizuri.

Hayakusaidia. Baba Mkubwa alitupokea kwa viti na maji, kama inavyotakiwa. Mama alisimama mbali, mikono ndani ya kitenge. Mke wa Baba Mkubwa, Mama Wani, alikuwa amewaingiza wajukuu wake ndani na yeye akasimama mlangoni. Nilieleza kazi mbili za jicho. Nilieleza jinsi mwanga unavyoisukuma siku mahali pake. Nilipofika katikati, Mjomba, ambaye ndiye aliyekuwa anahukumiwa, alilala usingizi kwenye kiti.

Baba Mkubwa alimtazama kwa muda.

"Sista yako iko Arua," aliniambia. "Mimi niko hapa. Atakaa mpaka mwezi huu ufe na mwingine ukue. Halafu nitasema."

Dranya

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Mjomba aliamka watu wanapolala. Mama alimfunikia chakula, lakini alikiweka nyuma ya nyumba yetu ili Mama Wani asikione. Nilimwomba Mjomba akae ndani usiku, akakaa, na niliona jinsi mtu aliye macho anavyoteseka gizani bila kazi. Alisokota kamba. Alisokota nyingi mpaka mkonge ukaisha. Usiku mmoja alitoka kujinyoosha, na asubuhi Mama Wani alisema akiona tena nyayo zile karibu na mlango wake atawaita kaka zake. Kaka zake si watu wa kuja mikono mitupu.

Niligundua kwamba kiti cha Baba Mkubwa sasa kinalala nje. Alikuwa anaamka usiku na kukaa, anatazama.

Kisha ikaanza kuteleza. Mjomba akawa anaamka usiku wa manane, baadaye karibu na alfajiri, baadaye jogoo wa kwanza. Mwezi ukafa, mwingine ukaonekana mwembamba. Asubuhi moja alitoka nje wakati huohuo na kila mtu, akanawa, akasalimia, akachukua vijiti na kamba yake akaenda shambani kulima mistari ya karanga mbele ya macho ya boma zima. Alilima mpaka jua likamchoma. Siku zilizofuata akawa anaamka jua limepanda. Baadaye akawa analala wakati wanawake wanapika chakula cha mchana.

Kaka za Mama Wani walikuja, nani aliwaita sikuuliza. Baba Mkubwa aliwapa viti.

"Mnataka nifukuze yeye," alisema. "Sababu iko usiku."

"Ndiyo."

"Mimi nimekaa na huyu mutu mpaka mgongo unauma. Mchawi nachagua giza. Anangoja. Kama mwezi iko mkali anabaki nyumbani." Akaelekeza kidole kwenye mlango wa Mjomba, ambako mzee alikuwa amelala katikati ya mchana. "Huyu hapana chagua. Amefika usiku, akapita. Amefika asubuhi, nilifurahi, akapita. Sasa iko hapo. Mchawi gani napitwa na usiku mzuri na yeye nalala?"

Mmoja wao alicheka, akajaribu kuficha. Mkubwa wao hakucheka. Alisema hata hivyo watoto wanaogopa.

"Basi ataleta sauti," alisema Baba Mkubwa.

Muhogo wetu wa bondeni ulikuwa unamalizwa na nungunungu na nguruwe pori. Alimpa Mjomba debe tupu na kipande cha chuma. Kila siku yake ikiangukia usiku, atakwenda bondeni kupiga debe. Anayejificha hapigi debe. Ikiangukia mchana, atalima na wengine. Walikubali, ingawa yule mkubwa aliondoka bila kunywa maji.

Sasa ameshazunguka tena. Kwa wiki nyingi tulilisikia debe kutoka bondeni, mara tatu, kimya, mara tatu. Mara za kwanza nililala vibaya. Baadaye nikawa naamka likinyamaza. Kutoka Aroi tulipata habari kwamba nyumba yake ilibomolewa na shamba lake la karanga wamelivuna wao. Alipoambiwa, aliuliza tu kama mavuno yalikuwa mazuri. Dawa ya Sista bado naitafuta, na kila anayekwenda Kampala nimemwagiza.

Asubuhi ya juzi nilikuwa nakunywa uji na boma zima. Mjomba alitoka ndani kwake, ameshanawa uso, akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi.

"Umefika?" Baba Mkubwa alimuuliza, kama anavyoniuliza mimi nikirudi kutoka Ariwara.

"Nimefika," alisema Mjomba. Alipokea kikombe kwa mikono miwili. "Lakini nitaondoka tena, shemeji. Hapana mbali. Wiki ijayo hivi, mchana wenu utaanza kuniacha."

Mama Wani alikuwa ameinama juu ya sufuria, mgongo wake kwetu, mjukuu mmoja ameshika sketi yake.

"Enda tu," alisema bila kugeuka. "Mimi nitafunika chakula."